Kupinga tiketi ya mwendo kasi California kwa hoja ya upimaji uliopitwa na wakati: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni kwa Waswahili wanaoendesha California: madereva wa teksi za programu, wa malori, wauguzi wanaorudi nyumbani baada ya zamu ya usiku. Swali la kama tiketi ya mwendo kasi inaweza kufutwa kwa sababu upimaji wa barabara umezeeka haliishi kwenye makundi ya WhatsApp, na majibu yanayozunguka huko mara nyingi ni nusu ya ukweli. Nusu iliyobaki ndiyo inayoamua kesi. Haya ni maelezo ya jumla. Kesi inayoweza kukunyima leseni mpelekee wakili.

Hivi kweli tiketi inaweza kufutwa kwa sababu karatasi za mji zimezeeka?

Inaweza, kwa masharti. Tangu miaka ya 1920 California ina sheria inayokataza "mitego ya mwendo". Wakati ule vijiji vidogo vya barabarani vilikuwa vinajaza hazina zao kwa kuwavizia wapita njia, na bunge la jimbo likaamua kuvikata mkono. Sheria hiyo ipo mpaka leo ndani ya Sheria ya Magari ya California, kuanzia kifungu 40800 na kuendelea.

Kifungu 40802 kinataja mitego ya aina mbili. Ya kwanza ni kupima umbali barabarani, kuweka alama, kisha kuhesabu sekunde gari linazotumia kutoka alama moja hadi nyingine. Hiyo ni marufuku. Ya pili ndiyo inayotuhusu: kipande cha barabara ambacho kikomo chake cha mwendo hakina upimaji wa kihandisi ulio hai wa kukithibitisha, halafu polisi akapiga tochi hapo, iwe ya rada au ya leza.

Ikishaonekana kuwa ni mtego, mambo yanafungana. Kifungu 40801 kinamkataza polisi kuutumia. Cha 40803 kinazuia ushahidi uliotokana nao. Cha 40804 kinamfanya afisa asifae kuwa shahidi wa mwendo wako. Cha 40805 kinaiondolea mahakama mamlaka ya kukutia hatiani. Ndiyo maana watu huipenda hoja hii: haibishani kabisa na namba iliyosomwa kwenye tochi.

Huo upimaji ni kitu gani hasa?

Ni ripoti ya mhandisi kuhusu kipande kimoja cha barabara. Ukifika kaunta ya mji au ukiandika barua, taja jina lake la Kiingereza, Engineering and Traffic Survey, maana makarani wanalijua kwa jina hilo tu. Kifungu 627 kinataka iwe na mambo matatu: mwendo halisi wa magari uliopimwa pale, rekodi ya ajali, na hali za barabara ambazo dereva hawezi kuziona kwa urahisi.

Mara nyingi ukurasa wa muhtasari ni mmoja tu. Juu kuna jina la barabara na mipaka ya kipande, kutoka makutano fulani hadi makutano fulani. Chini yake kuna tarehe ya kupima, idadi ya magari yaliyopimwa, kikomo kilichopo, na namba muhimu kuliko zote: mwendo wa asilimia 85. Huo ni mwendo ambao magari 85 kati ya 100 huenda sawa nao au chini yake, barabara ikiwa haina foleni. Kisha inafuata idadi ya magari kwa siku, ajali, na maoni ya mhandisi. Mwisho kuna muhuri wake wa duara, wenye namba ya usajili, na sahihi.

Kanuni ya msingi ni kwamba kikomo kiwekwe kwenye namba ya tano-tano iliyo karibu zaidi na mwendo wa asilimia 85. Mhandisi anaruhusiwa kushusha maili 5 akitoa sababu kwa maandishi. Kuanzia mwaka 2022, sheria iitwayo AB 43 imewapa miji nafasi ya kushusha zaidi kwenye barabara zenye ajali nyingi mbaya au zenye waenda kwa miguu na baiskeli wengi. Kwa hiyo usishangae ukiona kikomo kimeteremka kuliko zamani. Kinaweza kuwa halali kabisa.

Upimaji unaisha muda baada ya miaka mingapi?

Hapa ndipo watu wengi wanapoteleza. Utasikia mtu anasema "miaka 5, basi". Mwingine 7, mwingine 10. Kwa wakati wake kila mmoja amegusa kitu, lakini sheria ina ngazi tatu.

Ngazi ya kawaida ni miaka 5. Inapanda hadi 7 iwapo upande wa mashtaka utathibitisha mambo ya ziada: kwamba afisa amemaliza mafunzo ya rada yasiyopungua saa 24 yaliyoidhinishwa na jimbo, na mengine ya saa 2 kama alitumia leza, na kwamba kifaa kinakidhi viwango vya serikali kuu na kilikaguliwa na kituo huru chenye cheti ndani ya miaka 3 kabla ya siku ya kosa. Hata moja kati ya hayo likikosekana, tunarudi kwenye miaka 5.

Ngazi ya tatu ni miaka 14. Zamani ilikuwa 10, AB 43 ikaiongeza. Hii inahitaji karatasi nyingine: mhandisi aliyesajiliwa awe amerudi kukiangalia kile kipande na kuamua kwamba hakuna mabadiliko makubwa ya barabara au ya magari. Sheria inataja matumizi ya ardhi ya kando, upana wa barabara, na wingi wa magari. Masharti ya afisa na kifaa yanabaki palepale.

Unahesabu kutoka tarehe ya upimaji hadi tarehe uliyosimamishwa. Tarehe ya kusikilizwa kesi haihusiki. Tuseme upimaji ulifanyika Machi 2017 na wewe ukapigwa tochi Mei 2024. Imepita miaka 7 na ushee. Bila karatasi ya mhandisi ya kurefusha, kikomo kile hakina upimaji ulio hai. Ukiwa nayo karatasi, soma ilisainiwa lini na inasema nini. Nimeona watu wakifurahia tarehe ya 2015 kwenye ripoti bila kufungua ukurasa wa pili, ambako barua ya kurefusha ilikuwa imebanwa kwa pini.

Nitajuaje kama tiketi yangu inaingia kwenye hoja hii?

Tazama namba ya kifungu kwenye tiketi kabla ya kitu kingine chochote. Ikiwa ni 22350, una pa kuanzia. Hiyo ni sheria ya msingi ya mwendo: usiende kasi kuliko hali inavyoruhusu. Vikomo vya barabara za mijini, 30, 35, 40, 45, kwa kawaida huingia humo.

Ikiwa ni 22349, weka hoja hii pembeni. Hicho ni kikomo cha juu kabisa cha jimbo: maili 65 kwa saa kwenye barabara kuu, na 55 kwenye barabara ya njia mbili isiyo na mgawanyo katikati. Vivyo hivyo 22356, pale palipoandikwa 70, na 22348, ambacho ndani yake kuna kosa la kupita maili 100. Vikomo hivi vimewekwa na sheria yenyewe na havisubiri ripoti ya mhandisi yeyote. Aliyekamatwa na polisi wa barabara kuu akiwa 82 kwenye I-5 asipoteze muda kutafuta upimaji. Ukimsikia mtu anasema alishinda hivyo kwenye 22349, muulize kama afisa alitokea mahakamani.

Nilisimamishwa mtaani, sio barabara kubwa. Bado ninaweza?

Huenda usiweze. Sheria inaziacha nje barabara za mtaa, maeneo ya shule, na sasa pia maeneo ya wazee na ya biashara yaliyotangazwa rasmi. Huko tochi inatumika bila upimaji.

Neno "barabara ya mtaa" lina maana yake kisheria. Kwanza unaangalia ramani rasmi ambazo jimbo hupeleka kwa serikali kuu. Caltrans, idara ya barabara ya jimbo, wameziweka mtandaoni, kila barabara na rangi ya daraja lake. Ikiwa barabara haionekani kwenye ramani hizo, kinatumika kipimo cha pili: iwe hasa ya kuingilia nyumba za makazi, upana usizidi futi 40, urefu usiokatizwa usizidi nusu maili, na njia isiwe zaidi ya moja kila upande. Mtaa wenye njia mbili kwenda na mbili kurudi hauwi "wa mtaa" kwa sababu tu una nyumba pande zote.

Afisa hakutumia tochi, alinifuata kwa nyuma tu. Je?

Basi mtego wa aina ya pili haupo. Upimaji unadaiwa pale kifaa cha umeme kilipotumika. Afisa aliyekufuata huku akisoma mwendo kwenye dashibodi yake, au aliyekadiria kwa macho, ana kesi ya namna nyingine na unaipinga kwa namna nyingine. Kwenye tiketi kuna mahali pa kuonyesha kama ni rada, leza au kufuatwa. Soma hapo.

Nitaupata wapi upimaji?

Barabara ya mji: idara ya kazi za umma au ya uhandisi wa barabara ya mji, au ofisi ya karani wa mji. Barabara ya kaunti nje ya miji: kazi za umma za kaunti. Barabara ya jimbo inayopita mjini, ile yenye namba: ofisi ya Caltrans ya wilaya hiyo. Angalia vizuri ni ya nani, maana barabara moja inaweza kubadili mmiliki katikati ya safari.

Miji mingine inaweka ripoti zote kwenye tovuti yake na kazi inaisha kwa dakika tano. Kwingine andika ombi chini ya sheria ya rekodi za umma ya California. Ofisi ina siku 10 za kukujibu kama inayo rekodi, na inaweza kuongeza siku 14. Usianze kuomba wiki ya mwisho.

Omba vitu vyote kwa pamoja: ripoti kamili ya kipande kile iliyokuwa inatumika tarehe ya tiketi, karatasi yoyote ya kurefusha muda, na azimio la halmashauri lililoweka kikomo. Taja makutano ya pande zote mbili. Ukitaja jina la barabara tu utaletewa kipande cha maili 3 mbele, nacho hakikusaidii. Uliza pia bei ya nakala yenye muhuri wa uthibitisho. Mahakamani ndiyo inayopokewa bila maswali.

Rekodi za ukaguzi wa kifaa na vyeti vya afisa ziombe kwa idara ya polisi iliyokuandikia. Wengine watakujibu, wengine watakaa kimya. Tunza nakala ya ombi na tarehe uliyolituma.

Nimeupata, nao bado uko hai. Ndiyo basi?

Hapana, kuna milango miwili zaidi.

Wa kwanza ni kusoma ndani. Sheria inasema kikomo kiwe *kimethibitishwa* na upimaji. Kuwepo kwa karatasi peke yake hakutoshi. Mwaka 1992, katika kesi ya People dhidi ya Goulet, mahakama ilisema wazi kwamba hakimu anaweza kuichambua ripoti na kuona kama kweli inakibeba kikomo kilichowekwa. Chukua mfano: asilimia 85 ni maili 44. Iliyo karibu ni 45. Mhandisi ashushe 5 kwa sababu, inakuwa 40. Kama kibao kinasema 35, lazima ripoti ieleze kwa nini, na isiishie kwenye sentensi moja ya "eneo la makazi" ambalo dereva yeyote analiona kwa macho. Siku hizi jibu linaweza kuwa AB 43. Tafuta kama ripoti inaitaja na kama inaonyesha kipande hicho kinatimiza masharti yake. Tazama pia idadi ya magari yaliyopimwa. Mwongozo wa jimbo unataka yafike 100, na yasipungue 50 hata kwenye barabara tulivu.

Ukiwa na ripoti iliyorefushwa hadi miaka 14, nenda katembee pale. Kama baada ya upimaji pamejengwa maghorofa ya kupanga, njia moja imegeuzwa ya baiskeli, au soko kubwa limefunguliwa, basi maneno "hakuna mabadiliko makubwa" yana kazi ya kujieleza. Picha za zamani za Google Street View zina mwezi na mwaka. Chapisha ya wakati wa upimaji na ya sasa, uziweke pamoja.

Mlango wa pili hauhitaji ripoti kabisa. Kikomo cha 22350 ni cha kudhaniwa: kifungu 22351 kinakuruhusu uonyeshe kwamba mwendo wako, ingawa ulizidi kibao, ulikuwa salama kwa hali ya wakati ule. Maili 46 kwenye 40, saa 4 asubuhi Jumapili, jua, barabara kavu, hakuna foleni wala mtu kando. Mvua ikiwa inanyesha au watoto wanatoka shule, usijaribu.

Kesi ya maandishi au kwenda mwenyewe?

Ningeanza na maandishi. Kifungu 40902 kinakupa haki ya kuendesha kesi kwa karatasi. Unajaza fomu TR-205, unaambatisha maelezo na vielelezo, unalipa faini yote kama amana, unapeleka kabla ya tarehe ya mwisho iliyoandikwa kwenye barua ya mahakama. Afisa naye anaandikiwa atume yake, fomu TR-235. Maafisa wengine hawatumi. Wengine wanatuma mistari minne isiyotaja upimaji hata kidogo, na hapo mashtaka yanakuwa hayajatimiza wajibu wake.

Ukishindwa, unaomba kesi isikilizwe upya kabisa kwa fomu TR-220 ndani ya siku 20 tangu uamuzi ulipotumwa. Siku 20 za kalenda, Jumamosi na Jumapili zimo. Kwa hiyo una nafasi mbili, na ya pili unakwenda ukiwa umeisoma TR-235 iliyomo kwenye faili. Ukianza na kwenda mwenyewe, unabaki na rufaa tu, na rufaa ni kazi nzito zaidi.

Ubaya wa maandishi ni pesa: amana inakaa huko wiki kadhaa. Asiyeweza kuilipa aombe mahakama impangie tarehe ya kufika bila amana.

Kwenye maandishi niweke nini?

Weka fupi, kwa Kiingereza. Tarehe, mahali, kifungu. Kwamba afisa alitumia rada au leza. Kwamba barabara si ya mtaa kwa mujibu wa ramani. Kwamba upimaji ni wa tarehe fulani, umeambatishwa, na umepita muda wa 40802. Kwamba kwa hiyo ushahidi wa mwendo haupokelewi chini ya 40803 hadi 40805, na unaomba shauri lifutwe. Ukurasa mmoja unatosha.

Usiandike "samahani mheshimiwa, nilikuwa nachelewa kazini". Kwa adabu zetu inaonekana ni unyenyekevu. Kwenye faili ni kukiri. Wala usiandike uongo. Fomu inasainiwa chini ya kiapo na uongo humo ni kosa kubwa kuliko maili 12 za ziada. Hoja ya upimaji haikuhitaji useme ulikuwa unakwenda kwa kasi gani. Nyamaza hapo.

Na nikisimama mbele ya hakimu?

Kwa kawaida hakuna mwendesha mashtaka. Ni wewe, afisa, na hakimu au kamishna. Afisa anaanza. Msikilize mpaka amalize kabisa.

Wajibu wa kuonyesha kwamba hakuna mtego ni wa upande wa mashtaka, kwa kifungu 40803, na ni sehemu ya kesi yao ya mwanzo. Afisa mzoefu atakuja na nakala ya upimaji yenye uthibitisho, au atasema ipo kwenye jalada la mahakama, kwa sababu kaunti nyingine huziweka hapo. Akimaliza bila kuitaja, simama uombe shauri lifutwe kwa kuwa mashtaka hayakuthibitisha. Watu wanaharibu hapa: wanakimbilia kuuliza "upimaji uko wapi?" afisa akiwa bado anaongea, naye anaufungua mkoba na kuutoa. Umemkumbusha mwenyewe.

Akiutoa, omba kuuona, soma tarehe na mipaka ya kipande. Kama umepitwa, au ni wa kipande kingine, pinga usipokelewe, ukitaja kifungu. Kisha toa nakala yako. Kama anadai miaka 7 au 14, muulize ana cheti cha mafunzo, tarehe ya ukaguzi wa kifaa, na karatasi ya mhandisi. Uliza kwa upole na uandike majibu. Hakimu akikataa hoja yako, usibishane naye. Sema tu ungependa pingamizi lako liingizwe kwenye kumbukumbu.

Kiingereza changu si kizuri. Kuna mkalimani wa Kiswahili?

Yupo na hulipi. Mwambie karani siku ile ile unapopangiwa tarehe, usingoje asubuhi ya kesi. Kama Kiswahili chako ni cha Kongo, au lugha unayoimudu zaidi ni Kinyarwanda au Kirundi, sema mapema. Usimpeleke mwanao wa darasa la nane akutafsirie mambo ya vifungu.

Si bora nilipe na kusoma darasa la trafiki?

Mara nyingine ndiyo, na sioni aibu kusema hivyo. Faini ya msingi ni dola 35 ukizidi kwa maili 1 hadi 15, 70 kwa 16 hadi 25, na 100 kuanzia 26. Lakini ada na nyongeza za jimbo na kaunti zinaipandisha mpaka kiasi cha dola 240, 370 na 490. Juu yake kuna pointi moja kwenye leseni, na bima inayoiona pointi hiyo kwa takriban miaka mitatu. Bima ndiyo inayouma.

Darasa huficha pointi isionwe na bima, ila faini unalipa yote pamoja na ada ya darasa, na unaruhusiwa mara moja tu kila miezi 18. Ukizidi kwa zaidi ya maili 25, karani hawezi kukupa ruhusa hiyo. Ni hakimu pekee. Ambaye upimaji wa barabara yake bado uko hai na ana pointi sifuri, achukue darasa. Aliyekwisha kulitumia mwaka jana, apigane.

Kipato kikiwa kidogo, mfumo wa mahakama uitwao MyCitations unakuruhusu kuomba mtandaoni upunguziwe au ulipe kidogo kidogo. Ila soma vizuri kabla ya kubonyeza, kwa sababu kuomba kupunguziwa kunaweza kukutaka uache kupinga.

Naendesha lori.

Mambo mawili. Malori yenye ekseli tatu na zaidi, na magari yanayovuta trela, yana kikomo chao cha maili 55 chini ya 22406. Hicho ni cha juu kabisa na upimaji hauhusiki nacho. Pili, leseni ya biashara hailindwi na darasa kama ya kawaida, na ukizidi kwa maili 15 au zaidi ndani ya lori, sheria ya serikali kuu inahesabu ni kosa zito: mawili ndani ya miaka 3 ni siku 60 nje ya usukani, matatu ni 120. Tafuta wakili.

Nimeletewa barua ya kamera, hakuna polisi aliyenisimamisha.

Hiyo ni sheria nyingine, AB 645 ya 2023, ya majaribio katika miji sita: Los Angeles, San Jose, Oakland, Glendale, Long Beach na San Francisco. Ni adhabu ya kiraia kwa mwenye gari, kuanzia dola 50, bila pointi. Unaipinga kwa kuomba mapitio ya ofisi ndani ya muda ulioandikwa kwenye barua.

Afisa akinisimamisha, nimwambie kitu kuhusu upimaji?

Hapana. Tangu Januari 2024 anatakiwa akuambie sababu ya kukusimamisha kabla ya kuanza kukuhoji, kwa hiyo lile swali la "unajua nimekusimamisha kwa nini?" halipaswi kuja kwanza. Mpe leseni, kadi ya gari na bima. Saini tiketi: sahihi ni ahadi ya kufika, haikubali kosa, na kukataa kusaini kunaweza kukupeleka mahabusu. Kisha, ukishaondoka na kuegesha mahali salama, andika hali ya hewa, saa, magari yaliyokuwepo, na afisa alikuwa amejificha wapi.

Hoja hii inafanya kazi majimbo mengine? Na nyumbani?

Kila jimbo lina sheria yake. Kwingi kunafanyika upimaji wa kuweka vikomo, lakini matokeo haya ya kumfungia afisa ushahidi ni ya California. Ndugu aliyepo Texas au Ohio asinakili barua ya mtu wa Sacramento.

Tanzania na Kenya hakuna kitu cha namna hii. Kilomita 50 kwa saa kwenye makazi imewekwa na sheria na haichakai. Huko unabishana kuhusu kibao kilichong'olewa, au picha ya tochi isiyoonyesha gari lako.

Itaniharibia maombi ya uraia?

Tiketi ya kawaida ya mwendo si kosa la jinai la kukufukuzisha. Lakini fomu ya uraia inauliza kama umewahi kukamatwa au kuandikiwa kosa, kwa hiyo tunza karatasi zote, hata ile ya kufutwa. Mwenye jambo jingine kwenye faili lake la uhamiaji amwone wakili wa uhamiaji kwanza.

Nikiipuuza?

Kutofika ni kosa jipya, na hilo ni la jinai. Mahakama pia inaweza kukuongezea hadi dola 100. Hoja nzuri ya upimaji haifanyi kazi kwa mtu ambaye hakufika. Kila mahakama ya kaunti ina kituo cha kusaidia watu wasio na wakili, bure. Ukikwama na fomu nenda huko.

Nimeshinda kwa maandishi. Pesa yangu?

Inarudishwa kwa hundi, kwenye anwani uliyoandika TR-205. Kama umehama tangu ulipotuma, mpigie karani sasa. Baada ya mwezi au miwili omba rekodi yako ya udereva kwa DMV, idara ya magari ya jimbo, uhakikishe pointi haikuingizwa, na kabla ya bima kuhuishwa.